Seli za Shangazi Hazitupi Kitu

Seli za Shangazi zilianza kusema siku ya kubadilishiwa chakula, na neno lao la kwanza lilikuwa kumuuliza Kimya kama amekula.

Kimya alikuwa amekaa mbele ya kabati la kioo, glavu mikononi, akivuta taratibu chakula cha seli, maji ya rangi ya waridi yaliyochoka, kutoka kwenye chupa bapa ili aweke mapya. Sauti ilitoka ndani ya chupa, ndogo kama ya redio iliyo chumba cha pili, lakini ilikuwa ya Shangazi kabisa, pamoja na kile kikohozi chake cha kujitayarisha kabla ya kumgombeza mtu. Mdomo wa Kimya ukatii kabla akili haijafika.

"Shikamoo," akaiambia chupa.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Akajibu kwamba bado. Chupa ikaguna, ikataka kujua ni kazi gani hiyo isiyompa mtu nafasi ya kutafuna, kisha ikasema maji haya mapya ni ya baridi kidogo, lakini si neno, watayazoea.

Kwenye vyeti alikuwa na jina lingine. Kimya lilikuwa jina la shuleni, likamfuata chuoni, na sasa lilikuwa limeandikwa hata kwenye kikombe chake cha chai. Alikuwa fundi wa maabara ya saratani, na kazi yake ilikuwa kulisha seli, kuzihesabu na kuzitia dawa. Kikaoni alijibu maswali kwa kichwa, juu na chini kwa ndiyo, upande kwa upande kwa hapana, na Profesa wake, mtu mrefu mwenye haraka, alishazoea kumtazama shingo badala ya kumsikiliza. Kwa hiyo alipomwambia kwa sauti kwamba seli zinaongea, Profesa alishtushwa zaidi na yeye kuliko na seli.

Aliinama kwenye chupa, mikono mgongoni. Seli zikamsalimia vizuri, zikamuuliza hali ya nyumbani, kisha zikamwambia kifungo cha koti lake kinaning'inia kwa uzi mmoja na kama hana mtu wa kukishona akilete kwao hivyo hivyo, watakiweka. Profesa akanyooka. Alisema jambo hili halikubaliki, maana chumba cha seli ni chumba cha utulivu, akaenda kuuliza ofisi kuu. Ofisi kuu ikakaa kikao, ikatoa jibu: seli ni sehemu ya mgonjwa, na mgonjwa hakatazwi kuongea, ila haziruhusiwi kupokea wageni nje ya saa za kutazama wagonjwa. Ndipo likaletwa benchi dogo, likawekwa mbele ya kabati la joto zinamotunzwa. Mfagizi alikuwa wa kwanza kulikalia. Seli zilimwambia ile kona ya nyuma hajaigusa tangu wiki iliyopita, naye akakiri kwamba ni kweli.

Seli hizo zilikuwa zimetolewa kwenye uboho wa mifupa ya Shangazi, kwa ridhaa yake mwenyewe. Shangazi alikuwa dada wa baba yake Kimya, na ndiye aliyemlea. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa shule, na alipostaafu alihamisha tabia za stoo kwenda nyumbani. Sebuleni kwake kulikuwa na viti vya miguu mitatu vilivyokuwa vikingoja wa nne, masufuria yasiyo na mikono, mikono isiyo na masufuria, mbavu za miavuli, na kopo la vifungo ambalo ukilitikisa mtoto alinyamaza. Ukimwambia hiki tukitupe, aliking'ang'ania na kukigeuzageuza mbele ya macho, halafu akasema neno lake: "Kitafaa."

Ugonjwa ulipogunduliwa, alipewa dawa, na dawa ikafanya kazi. Kimya aliielewa vizuri kazi ya dawa hiyo, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akizitia seli kila wiki. Ndani ya kila seli ya mwanadamu, protini zilizochakaa au zisizotakiwa tena hubandikwa vibandiko vidogo vinavyoitwa ubikwitini. Kibandiko kimoja mara nyingi hakitoshi. Hubandikwa kimoja nyuma ya kingine mpaka kinakuwa kama mkia, na mwenye mkia huo hupelekwa kwenye mashine ya kusaga. Akisagwa, vipande vyake hutumika kujenga vingine. Seli za ugonjwa wa Shangazi zilikuwa zikitengeneza protini kwa fujo, hivyo taka zao zilikuwa nyingi kupita kiasi. Dawa iliziba mashine ya kusaga. Taka zikajaa, seli zikakabwa na uchafu wao wenyewe, zikafa. Shangazi akapata nguvu, akarudi kufagia uwanja wake na kumfokea jirani kuhusu kuku.

Halafu ugonjwa ukarudi, na dawa ile ile ikawa kama maji ya kunywa.

Sababu yake hakuna aliyeijua mpaka seli zilipoieleza zenyewe, siku moja Kimya alipokuwa akizifutia kioo. Hazikuwa na haya hata kidogo.

"Walituzibia mashine wakidhani tutakosa hewa. Sisi, mwanangu? Tulipanga. Vikubwa chini, vidogo juu, vya kuvunjika pembeni. Nafasi haikosekani kwa mtu anayejua kupanga."

Zikaendelea kumsimulia kama mtu anavyosimulia habari za mtaani. Kuna protini moja kubwa kwao, ndiyo inayotoa amri ya kuzaana. Katika seli za watu wengine hiyo hubandikwa vibandiko mapema ikapelekwa kusagwa. Kwao, kabla mkia haujawa mrefu, wapo wanaokuja nyuma na kuvibandua kimoja kimoja kwa ukucha, kwa sababu kitu kizuri namna ile unakisagaje? Na kuna mwingine, mkorofi, askari, kila wakitaka kuongeza chumba anasema simama kwanza, hebu tukague. Huyo wao humbandika vibandiko kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Hajawahi kupata nafasi ya kumaliza hata kimoja.

"Kumbe mnajua kutupa," Kimya akasema polepole.

"Mtu mmoja tu," seli zikajibu. "Huyo alikuwa anatukera."

 Lilikuwapo jambo ambalo Kimya alikuwa amelificha. Utaratibu wa maabara ulikuwa wazi: ukishazitia seli dawa na kuzihesabu, chupa inamiminwa kwenye ndoo ya kuulia vijidudu. Lakini Kimya alikuwa amelelewa na Shangazi. Kila alipochungulia kwenye hadubini na kuona chache zimebaki, zinaelea kwenye uchafu wa wenzao, ndogo, za mviringo, zinang'aa, mkono ulimgomea. Alizivuta kwa upole, akazihamishia kwenye chupa safi, akazipa chakula. Wiki iliyofuata akazitia dawa tena, zikabaki chache, akazihamisha tena. Hakuwa na nia yoyote. Mkono tu ulisema kitafaa.

Alipomweleza Profesa, Profesa alitafuta kiti. Akamwambia kwamba bila kujua alikuwa amechagua sugu kwa sugu, akizilea zile tu ambazo dawa haiziwezi. Na ndivyo hivyo dawa ilivyofanya ndani ya mwili wa Shangazi: iliua zilizokubali kufa, ikaziachia nyumba nzima zile zilizokataa. Kimya akageuka rangi. Profesa akamwahidi haraka kwamba chupa ni chupa na mwili ni mwili, kosa la hapa halikumdhuru mtu kule. Tena, akasema huku akijikuna kidevu, kwa muda mrefu alikuwa akitamani seli za namna hii na hakuwa na mtu mzembe wa kutosha kuzipata.

Kwani dawa nyingine ilikuwapo. Yenyewe haikuziba kitu. Profesa aliiita mshenga, na maabara nzima ikaiita hivyo. Ilikuwa na mikono miwili: mmoja ulimshika mbandikaji wa vibandiko, mwingine ukaishika ile protini kubwa ya amri, ikawaleta uso kwa uso na haikuwaachia mpaka shughuli iishe. Ikimaliza hapo inakwenda kwa wengine. Dawa ya kwanza ilikuwa imeshasimamishwa, kwa Shangazi na kwenye chupa pia, hivyo mashine ilikuwa ikisaga tena. Kwenye chupa nyingine za wagonjwa wengine, mshenga alikuwa amefanya kazi vizuri. Nafasi ya Shangazi kuanza kuitumia ilikuwa tayari wiki hiyo hiyo, na daktari wake alisema waziwazi kwamba vipimo vya damu vinaharibika, asingoje.

Shangazi akakataa.

Kosa lilikuwa la Kimya, maana hakujua kudanganya mezani. Walikuwa wakila, Shangazi akauliza kazi inaendaje, na Kimya akamwambia kwamba seli zake zinaongea. Shangazi aliweka kijiko chini akauliza zinasema nini. Kimya akasema zinauliza kama amekula, zinamwambia avae sweta, zimemsema Profesa kuhusu kifungo. Uso wa Shangazi ulilainika kwa namna ambayo Kimya hakuwa ameiona tangu ugonjwa urudi.

"Na hao ndio mnaotaka niwanyweshe sumu," akasema.

Alisisitiza kwamba hatameza kitu mpaka awaone. Daktari alipiga simu, Profesa alipiga simu, hata mfagizi alituma ujumbe wa kumsihi. Shangazi aliwajibu wote kwa adabu na akawapa kisogo wote. Watu hawafukuzwi nyumbani bila kusikilizwa, alisema, awe nani, awe nani.

Alifika saa za kutazama wagonjwa, amevaa gauni lake la kutokea, amekonda hadi bega likawa linashindwa kushikilia mkoba. Kimya alimkalisha kwenye benchi, akatoa chupa kwenye kabati la joto na kuiweka juu ya meza mbele yake. Profesa alisimama mlangoni na bilauri ya maji na kidonge kwenye kisahani, kama mhudumu wa hoteli.

"Hodi," Shangazi akasema.

"Karibu, karibu ndani. Samahani, pamejaa."

Kwa muda mrefu waliongea wao kwa wao, sauti moja kwa pande mbili, na Kimya aliwatofautisha tu kwa kutazama midomo ya Shangazi. Walizungumzia magoti. Walikubaliana kwamba vitu vya siku hizi havidumu. Walimjadili Kimya mbele yake kana kwamba hayupo, wembamba wake, uoga wake, na kwamba mtu akimchumbia itabidi amwandikie barua kwa sababu hatapata jibu la mdomo. Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. Profesa akabadilisha mkono wa kushikia kisahani.

Kisha Shangazi akaomba kuwaona sura. Kimya akaiweka chupa chini ya hadubini na kumwelekeza jicho. Shangazi akatazama.  Akaendelea kutazama.

"Mbona mmebanana hivi? Nani huwa anatoka?"

"Hakuna anayetoka," zikajibu kwa fahari.

"Na mkizidi?"

"Hapa tumefika ukutani. Lakini wenzetu walioko kwako wana nafasi. Wameshaingia nyonga zote mbili, sasa wanapanga kwenye mbavu."

Hazikusema kwa ubaya. Zilisema kama mtu anayeeleza kwamba atahamishia kabati chumba cha nyuma. Shangazi alitoa jicho kwenye hadubini na kuweka kiganja ubavuni pale pale alipokuwa amejishika akicheka.

Profesa aliona nafasi yake, akasogea, akaanza kueleza kwa vidole habari za mbandikaji na mbanduaji, lakini Shangazi hakuwa akimsikiliza. Alimgeukia Kimya, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya chupa.

"Ni mimi niliyewafundisha, mwanangu. Nimekaa miaka yote sitaki kutupa, nao wameiga. Nitawauaje kwa tabia yangu?"

Kimya alitikisa kichwa, upande kwa upande. Alitikisa kwa nguvu zake zote. Lakini Shangazi alikuwa ameinamisha uso, hakuona.

Seli ziliona. Au zilihisi, kwa jinsi zinavyohisi mambo. Zikakohoa kile kikohozi.

"Muulize na huyo," zikasema. "Yeye anajua. Walikaa kikao wakakubaliana aondoke. Si wewe uliyembandua?"

 Hilo halikuwa jambo la kusemwa maabara. Baada ya wazazi wa Kimya kufariki, ndugu walikutana wakahesabu vyumba vyao, kila mmoja akagundua hana hata kimoja, wakaafikiana mtoto apelekwe kituo cha kulelea watoto. Begi lilishafungwa, limewekwa mlangoni. Shangazi alifika akiwa amechelewa, hakumsalimia mtu, akalifungua begi na kuanza kupanga nguo kwenye kabati lake. Ndugu walipouliza anafanya nini, aliwaambia, huyu atafaa.

 Miaka yote Kimya alijiona hana haki ya kumwambia mwanamke huyu atupe chochote, hata sufuria. Yeye angekuwa nani hata aseme? Alimtazama Shangazi, bega lile lililoshindwa na mkoba, akapiga moyo konde.

"Mimi nilipobaki nilijisogeza," akasema.

Sauti ilimtoka kwa kukwaruza, akalazimika kuanza upya.

"Nilijisogeza, Shangazi. Nililala upande wa ukutani ili mguu wako upate nafasi. Ulipougua mgongo niliteka maji. Hawa hawajawahi kumsogelea mtu ila kumbana. Hukuwafundisha wewe. Kuna kosa dogo lilitokea ndani ya seli moja, lingeweza kumtokea yeyote, hata mtu anayetupa viti vizima. Wewe unatunza vitu ili viwafae watu. Hawa wanatunza kile kinachowaongeza wao tu, na yule anayewaambia simama wanamtupa kila siku. Wameazima sauti yako. Hakuna kingine chako humo."

"Leo ana maneno huyu," seli zikasema. "Mpe maji, atakauka."

"Sijawahi kukuomba kitu," Kimya akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta kwa sababu ya glavu. "Naomba hiki. Hiki kimoja kitupe. Ukikitunza, kitakutoa wewe."

"Mwanangu, sisi ni..."

"Nyamazeni," Shangazi akasema. "Mtoto anaongea."

Akangoja.  Akaendelea kungoja kidogo, kama mtu anayesikiliza kama mvua imekwisha kweli, halafu akamuuliza Profesa huyo mshenga wake akoje. Profesa, aliyeshikwa hajajiandaa, akasema ni wa manjano, anamezwa baada ya chakula, na huenda akaleta usingizi na kuharisha, na kwamba hawezi kumwahidi kitu ila anatumaini. Shangazi akasema heri mtu asiyeahidi. Alitaka jambo moja tu: waanze pamoja, yeye na wale, ili asije akaonekana amewafanyia kwa nyuma.

Kimya akavuta dawa kwa pipeti, kile kijibomba cha kudondoshea. Mkono ulitaka kumgomea tena. Akaushika kwa mkono wa pili. Shangazi akaweka kidonge ulimini, akanywa maji yote. Tone likaingia kwenye chupa.

Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Seli zilisema tu kwamba kuna mgeni, mcheshi, anamshika kila mtu mkono. Baadaye zikasema amemleta mbandikaji mpaka kwa mkubwa wao na hataki kuachia. Wamebandua kimoja, amebandikwa vitatu. Wanabandua. Amebandikwa tena. Mtu huyu hachoki, jamani, hana hata pa kukaa. Kisha zikasita, na ziliposema tena zilisema kwa mshangao, bila hasira, kwamba mkubwa amepita mlangoni mwa mashine na hakurudi.

"Mwingine naye ana mkia," zikasema. "Tumfanyeje?"

Zilikuwa zikimuuliza Shangazi. Kimya alimwona akiinua mkono, ule mkono uliozoea kuokota, akauweka juu ya kioo cha chupa, ukakaa pale, kisha ukarudi pajani.

"Mwacheni aende," akasema.

Zikabishana kidogo zenyewe kwa zenyewe, sauti zikiingiliana, zikipungua, mpaka Kimya hakuweza tena kusikia maneno ila mnong'ono, na baadaye hata huo. Profesa alichukua bilauri tupu akatoka nayo. Kimya alivua glavu. Hakuna aliyejua bado mifupani kulikuwa kunatokea nini. Damu ingepimwa wiki ijayo, na nyingine baada yake, na huenda mshenga naye siku moja akakutana na waliojifunza kumkwepa. Lakini kidonge kilikuwa kimeshuka.

Alimpa Shangazi mkono, wakatembea kwenye korido polepole. Shangazi alikuwa amechoka, akiegemea ukuta kwa bega moja na Kimya kwa jingine. Walipofika kwenye ngazi akasimama kuvuta pumzi.

"Endelea kuongea," akasema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Nimetoka kuzoea, sasa pamekuwa patupu."

Kimya akaangaza macho kutafuta pa kuanzia. Akaanza na ngazi, kwamba zimepigwa deki muda si mrefu na ya tatu ina ufa, ashike chuma cha pembeni. Akaingia kwenye habari ya bwana mmoja wa ghala anayemsalimia kila asubuhi na yeye hujifanya hamnazo. Akasimulia jinsi anavyoogopa vikao, na kwa nini. Na Shangazi, akishuka mguu mmoja kisha mwingine, kila Kimya aliponyamaza alimbana kidole kumwambia bado.